Kabla kijana hajamwaga wino

KILA mwaka ligi inapofikia tamati, viwanja hunyamaza lakini kurasa za michezo hazinyamazi. Huo ndio msimu wa kuunda vikosi. Fulani anasakwa na klabu hii, fulani ananaswa na ile, wa tatu anauzwa, wa nne anatolewa kwa mkopo, na wale ambao nyota zao zimefifia wanatemwa. Mimi si mwandishi wa michezo. Kazi yangu ni kufundisha isimu chuoni, na ugonjwa wa watu wa kazi hii ni kwamba hata tusomapo habari za kandanda huwa tunavitazama vitenzi kabla hatujatazama mabao.

Hebu msomaji navitazame pamoja nami. Kusakwa, kunaswa, kunyakuliwa, kusajiliwa, kuuzwa, kutolewa, kutemwa: vyote vimo katika kauli ya kutendwa. Mchezaji, ambaye uwanjani ndiye mtenda, ndiye anayekimbia, anayepiga chenga na kutia mpira kimiani, msimu unapoisha hugeuka mtendwa. Kuna kitendo kimoja tu ambacho lugha ya usajili humwachia akitende yeye mwenyewe, nacho ni kumwaga wino, yaani kutia saini mkataba. Nami nasema kwa uchungu kwamba ni katika kitendo hicho kimoja alichoachiwa ndipo vijana wetu wa shule wanapopotea.

Sisemi haya kwa kusikia. Agosti 2025 nilikuwa nyumbani Kendu Bay, mji wetu mkongwe wa ukingoni mwa ziwa, wenye gati na msikiti wake wa zamani, ambako tulipokuwa watoto tulikisikia Kiswahili sokoni na Dholuo nyumbani. Asubuhi moja alinijia jirani yetu, mvuvi wa makamo aliyenizidi umri, ameshika mfuko wa nailoni. Ndani ya mfuko mlikuwa na karatasi zilizokunjwa mara nne.

"Japuonj," aliniambia, akitumia neno letu la kumwitia mwalimu, "nisomee hizi. Wamemrudisha kijana, nami nataka kujua kama nina haki ya kuuliza kitu."

"Mzee, hukusomewa siku ile ya kutia saini?"

"Niliambiwa ni karatasi ya mpira. Nikaandika jina langu pale waliponionyesha kwa kidole."

Karatasi ya mpira ilikuwa mkataba wa kurasa nane kwa Kiingereza cha mawakili. Klabu iliyouandika siitaji, kwa kuwa nia yangu si kumshitaki mtu gazetini. Kijana alikuwa na umri wa miaka 17, tena katika kidato cha tatu, alipochukuliwa Agosti 2024, siku chache baada ya mashindano ya shule. Mkataba ulikuwa wa miaka mitano. Mahali pa kuandika mshahara palikuwa pameachwa wazi. Klabu ilikuwa na uhuru wa kuuvunja wakati wowote endapo haikuridhishwa na kiwango chake, bila fidia; lakini kijana akitaka kuondoka alitakiwa arudishe gharama zote za kumlea, gharama ambazo hazikutajwa ni kiasi gani. Niliusoma mara mbili nikaona jambo ambalo ningeweza kulifundisha darasani kwa wiki nzima: kila sentensi iliyoanza na klabu ilikuwa na neno "inaweza", na kila sentensi iliyoanza na mchezaji ilikuwa na neno "sharti". Sarufi yenyewe ilikuwa imekwisha kuamua nani bwana na nani mtumwa.

Alichopewa kijana ni jozi moja ya viatu na shilingi 10,000. Alicheza mechi chache akitokea benchi. Msimu ulipomalizika katikati ya mwaka 2025 jina lake lilitokea katika orodha ya walioachwa, orodha iliyotumwa kwa simu. Barua hakupewa. Kiswahili kina usemi mwingine wenye kitenzi hichohicho, kumwaga unga, maana yake kupoteza riziki. Kijana wetu alimwaga wino Agosti, akamwaga unga kabla Agosti nyingine haijafika.

Walimu watajua kwa nini nimeutaja mwezi huo mara kwa mara. Mpira wa miguu katika shule zetu za upili huchezwa muhula wa pili. Timu huanzia mashindano ya kata, zikapanda hadi kaunti, eneo na taifa, na zilizofuzu huelekea mashindano ya Afrika Mashariki, ambayo mwaka 2024 yalifanyika Uganda na mwaka 2025 yakafanyika Kakamega, yote mwezi wa Agosti. Sasa tazama kalenda ya ligi kuu. Msimu huisha Juni au karibu na hapo, kisha dirisha la usajili hufunguliwa. Maana yake ni kwamba majuma yaleyale ambayo klabu zinahitaji damu mpya kwa bei nafuu ndiyo ambayo vijana bora wa nchi nzima wamekusanyika mahali pamoja, mbele ya macho ya kila anayetaka kuwatazama. Wasakaji vipaji hawana haja ya kuzunguka. Huketi tu kando ya uwanja, iwe ni Kakamega High, Musingu, St. Anthony's ya Kitale au Agoro Sare ya kwetu Oyugis inayocheza.

Wala si vibaya wakija. Soka ya Kenya isingekuwa na uhai bila shule. Ninalolitaka ni kwamba anayekuja na kalamu akute mtu anayejua kusoma.

Sheria ipo, tena si ya jana. Kanuni za FIFA za usajili na uhamisho zinasema kwamba mchezaji ambaye hajatimiza miaka 18 hawezi kufungwa na mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Mwaka wa nne na wa tano haitambui. Kanuni hizohizo zinamwita mchezaji wa kulipwa yule tu mwenye mkataba wa maandishi na klabu na anayelipwa zaidi ya gharama zake za kucheza. Kwa hiyo mkataba wenye nafasi tupu ya mshahara ni kitendawili kisicho na jibu. Tangu mwaka 2018 kanuni zinaeleza pia kwamba mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuidai klabu kwa maandishi, na baada ya siku 15 asipolipwa ana sababu halali ya kuuvunja mkataba.

Hayo ni ya Zurich, na msomaji ataniuliza ya hapa nyumbani. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, katika kifungu chake cha 9, inataka mkataba wa kazi wa miezi mitatu au zaidi uwe wa maandishi, na mwajiriwa auridhie kwa saini au alama ya kidole mbele ya mtu mwingine asiyekuwa mwajiri. Kisha inaongeza jambo ambalo mimi, kama mtu wa lugha, ningependa liandikwe katika ukuta wa kila ofisi ya klabu: ikiwa mwajiriwa hajui kusoma, au haielewi lugha ambayo mkataba umeandikwa, ni wajibu wa mwajiri kuhakikisha kwamba mkataba huo umeelezwa katika lugha anayoielewa. Mwajiri ndiye aliyetwikwa mzigo huo na sheria. Jirani yangu hakupaswa kuutafuta msaada wa daktari wa isimu mwaka mmoja baadaye. Alipaswa kuelezwa siku ileile, kwa Dholuo au kwa Kiswahili, mstari kwa mstari.

Tena Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sioni ni kwa nini mkataba wa kijana wa Karachuonyo na klabu ya Kenya, kwa kazi itakayofanywa Kenya mbele ya mashabiki wa Kenya, usiandikwe kwa Kiswahili. Nimekwisha kuambiwa kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha. Dai hili nimelisikia kwa miaka ishirini na ushei, nalo halizeeki. Mkataba ni neno letu. Limetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu na kitabu, katibu, maktaba na hiyo katiba yenyewe. Dirisha tulilipokea kutoka kwa Waajemi karne nyingi kabla ya mtu yeyote kuwaza dirisha la usajili. Tuna ada, fidia, mkopo, dhamana, uhamisho, mshahara, posho, marupurupu. Kilichopungua si istilahi.

Kwa upande mwingine sitaki kuzionea klabu, maana nazo zina masaibu yake. Chukua Gor Mahia, klabu iliyoundwa mwaka 1968 na kupewa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, si mbali na kwetu. Hiyo ndiyo klabu ya Kenya iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, ikiizima Espérance ya Tunisia kwa faida ya mabao ya ugenini: 2-2 kule Tunis, 1-1 Nairobi. Wazee wa Kendu Bay bado huyahadithia mabao hayo kana kwamba yamefungwa jana. Lakini hata klabu ya ukubwa huo huvunjika na kuundwa upya kila mara. Michael Olunga aliichezea msimu mmoja, 2015, ule ambao ilitwaa ubingwa bila kushindwa, kisha akaenda Sweden mwanzoni mwa 2016. Mwaka 2018 Meddie Kagere alivuka mpaka kwenda Simba ya Dar es Salaam. Mwaka 2019 Francis Kahata akamfuata hukohuko, na Jacques Tuyisenge akaelekea Angola. Mwaka huohuo mdhamini mkuu, SportPesa, akasitisha udhamini wake. Baadaye klabu hiyo ilipata pia kuonja marufuku ya FIFA ya kutosajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni ya mishahara. Kocha aliye katika hali kama hiyo, aliyepoteza mshambuliaji na hana fedha za kumnunua mwingine, atamtazama mwanafunzi wa kidato cha tatu kama mwenye kiu anavyotazama kisima.

Zamani kulikuwa na njia nyingine. Timu nyingi zilikuwa za viwanda na mashirika: Mumias Sugar, Chemelil Sugar, Rivatex ya Eldoret, Kisumu Posta. Aliyesajiliwa huko mara nyingi aliajiriwa kazini pia, akacheza jioni, na mguu ukivunjika au umri ukimpita alibaki na kazi yake. Sidai kwamba utaratibu ule ulikuwa peponi. Lakini barua ya kazi ya kiwandani ilikuwa na kiasi cha mshahara ndani yake. Viwanda vilipoyumba timu hizo zikatoweka moja baada ya nyingine, na pamoja nazo ukatoweka ule mto wa kuangukia. Leo klabu zenye msingi wa aina hiyo ni chache, kama Bandari, Tusker, Ulinzi Stars na Polisi waliotwaa ubingwa wao wa kwanza mwaka 2025.

Huenda mtu akasema ndivyo michezo ya kulipwa ilivyo duniani kote. Sivyo. Nitatoa mfano wa mbali kwa makusudi, hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada. (Si mchezo mgeni kabisa kwetu: Nairobi kuna kiwanja kimoja cha barafu hotelini, na Kenya ilikubaliwa katika shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024.) Ligi yao kuu, NHL, ina timu 32. Kila katikati ya mwaka timu hizo huchagua vijana wa kuanzia miaka 18 kwa zamu, na zilizofanya vibaya hupewa nafasi ya kuwa mbele katika foleni. Kijana hachagui timu; katika hilo yeye ni mtendwa kuliko hata wetu. Lakini karatasi anayotia saini si ya klabu peke yake. Ni fomu moja kwa wote, iliyokubaliwa baina ya ligi na chama cha wachezaji. Mkataba wa kwanza wa kijana wa miaka 18 hadi 21 ni wa miaka mitatu, na mshahara wake una kikomo kinachojulikana. Mabishano yao ni makali pia. Msimu mzima wa 2004-05 haukuchezwa kwa sababu wenye timu na wachezaji hawakuafikiana juu ya kikomo cha jumla ya mishahara. Waligombana, wakakosa mchezo mwaka mzima, wakarudi na maandishi. Sisi hatugombani. Tunaonyeshwa kwa kidole pa kuandika jina.

Sasa nirudi kwa walimu, kwa sababu wao ndio wasomaji wangu wengi, nao ndio wanaojua mapema kuliko wazazi kwamba kuna mtu amemfuata kijana. Neno usajili lina maskani mawili katika maisha ya mwanafunzi. Kuna usajili wa klabu, na kuna usajili wa watahiniwa wa KCSE. Klabu huwa na madirisha mawili kwa mwaka; asiyesajiliwa katikati ya mwaka anaweza kusajiliwa baadaye, au mwaka ujao, au akiwa na miaka 22. Mtihani hauko hivyo, hasa sasa. Darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 lilifanya KCPE mwaka 2023 na litafanya KCSE mwaka 2027. Nyuma ya darasa hilo hakuna kidato. Kijana aliyeacha shule kwa ajili ya msimu mmoja wa benchi, akichelewa kurudi, atakuta darasa lake limefungwa nyuma yake.

Olunga huyohuyo ambaye vijana humtaja kila ninapowaonya alimaliza Upper Hill, akaendelea na masomo Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akifunga mabao ya ligi. Wanafunzi wangu hupenda kumtaja yule wa Japani aliyefunga mabao manane katika mechi moja mwaka 2019. Mimi napenda kuwakumbusha yule wa maktaba.

Na mwalimu asifikiri kwamba anaombwa kujitolea bure. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji anaponunuliwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa waliomlea kutoka miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa malezi kati ya 12 na 15 hupewa robo ya asilimia moja, na kila mwaka kati ya 16 na 23 hupewa nusu ya asilimia moja. Akiuzwa kwa shilingi milioni 100, aliyemlea kwa miaka mitatu kuanzia 16 anastahili shilingi milioni 1.5. Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia taasisi maalumu ya FIFA iliyoko Paris, ili yasipotelee njiani. Ila fedha hizo huenda kwa klabu zilizosajiliwa na shirikisho, na rekodi ya mchezaji lazima ionyeshe kwamba alikuwa huko. Shule ambayo si klabu haimo hesabuni, hata kama ndiyo iliyomnunulia viatu vya kwanza. Basi shule zenye vipaji na ziandikishe timu zao kama klabu. Bodi za shule hukutana kujadili rangi ya basi. Hili pia linaweza kuingia katika ajenda.

Lakini fedha ni la baadaye. La sasa ni dogo, nalo haligharimu shilingi. Msakaji vipaji anapofika na karatasi, mwalimu wa michezo amwite mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Kiingereza, waketi na mzazi na kijana, wausome mkataba kwa sauti kutoka mwanzo hadi mwisho. Waulize mshahara ni kiasi gani, ni miaka mingapi, nani atalipa ada ya shule, na kijana akiumia itakuwaje. Pasipoandikwa, paandikwe kabla ya saini. Nakala moja ibaki shuleni. Klabu yenye nia njema haitakereka. Inayosema haina muda wa kusomewa karatasi yake yenyewe imekwisha kujibu swali.

Kuhusu jirani yangu, tuliketi chini ya mwembe wake alasiri nzima. Nilimfasiria kurasa zote nane kwa Dholuo, kijana akiwa pembeni, akitengeneza nyavu bila kuinua uso. Tulipofika kwenye ile nafasi tupu ya mshahara, baba mtu aliniomba nirudie. Nikarudia. Akaniuliza ikiwa nina hakika kwamba hakuna tarakimu upande wa pili wa karatasi. Tukaigeuza, haikuwa na kitu.

Mwalimu mkuu wa shule yake ya zamani alikubali kumpokea, na Januari 2026 kijana alirudi katika kidato cha tatu, akikaa na waliokuwa kidato cha kwanza wakati yeye alipoondoka. Anataka kuichezea shule tena muhula wa pili. Hapo ndipo palipo na utata, kwa sababu klabu ilimwacha kwa simu tu na hakuna karatasi inayosema mkataba umevunjwa. Kwa maandishi bado ni wa kwao hadi mwaka 2029. Tuliwaandikia barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, tukiomba mambo mawili: barua ya kumwachilia, na malipo ya miezi aliyoitumikia. Baba alitia saini baada ya kuisoma mwenyewe, polepole, akifuata maneno kwa kidole chake. Jibu bado tunalingoja.